Mwandishi Wetu Alijionea

Habari ya maji ya Ivumbwe ilikuwa imekaa kwenye foleni siku kumi na tisa, na kesho yake saa tatu asubuhi bomba lilikuwa linafunguliwa.

Atuganile Mwaisumo, mhariri wa dawati la maendeleo na mazingira wa gazeti la Ukingo, pale Mbeya, aliitazama kwenye kioo cha meza yake kama alivyoitazama kila asubuhi tangu iingie. Kichwa cha habari kilikuwa tayari. Picha tayari. Cheti cha maabara ya chuo tayari. Chini yake yalikuwapo maneno yale yale ya kijivu: INASUBIRI UPANDE WA PILI.

Akabonyeza Chapa. Alijua jibu, ila mtu hubonyeza tu.

"Aliyetajwa hajasikika," Mizani ikamwambia kwa ile sauti yake ya upole, sauti ya karani asiye na haraka. "Aliyetajwa ni Kampuni ya Kilele. Tafadhali endelea kusubiri."

Katika foleni hiyo habari ya Ivumbwe haikuwa peke yake. Zilikuwapo nyingine mia mbili na kumi na moja, na baadhi zilikuwa na umri wa miaka minne. Moja ilihusu msitu uliotaka kukatwa. Msitu umeshakatwa, pamekuwa uwanja wa mpira, timu ya kata imeshashuka daraja mara mbili pale pale, na habari bado inasubiri upande wa pili.

Mizani ilikuwa mtambo uliokaa kati ya kila chumba cha habari na kila ukurasa nchini. Na ukurasa wa siku hizo haukuwa ule wa kufungia maandazi. Ulikuwa karatasi ngumu iliyobandikwa ukutani, dukani, zahanati, ofisi ya kata, ikajifuta na kujiandika upya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi alasiri. Habari iliyopita kwenye Mizani ilitoka na muhuri wa kijani. Isiyo na muhuri watu hawakuisoma, wala usiwaite wajinga. Simu zao zilikuwa zimejaa mawaziri wa kutengenezwa wanaolia na madaktari wa kutengenezwa wanaouza dawa. Walishadanganywa mpaka wakachoka. Kilichobaki cha kuaminika kilikuwa ule muhuri.

Atuganile hakuichukia Sheria ya Mizani, na hili lisemwe mapema asije akaonewa. Aliikumbuka sababu yake. Gazeti moja liliwahi kuandika kwamba kiwanda fulani cha maziwa kinaua watoto. Watu wakakichoma moto, mlinzi akafia ndani, na baadaye ikajulikana watoto waliugua surua. Hakuna aliyekuwa amempigia simu mwenye kiwanda. Baada ya hapo ikaamuliwa kwamba habari yoyote ya kumtuhumu mtu haitoki mpaka mtu huyo asikike. Ni jambo la haki kabisa. Waliotunga sheria hawakufikiria kitu kimoja tu, kwamba aliyetuhumiwa anaweza kuamua kunyamaza.

Saa nne na robo simu ikaita. Alikuwa Gwakisa Mwambene, mwandishi wa gazeti huko Ivumbwe kwa miaka ishirini na sita, mtu wa baiskeli na koti la mvua hata kiangazi.

"Dada Atu, imetoka?"

"Bado, kaka."

Gwakisa ndiye aliyeipata habari ile. Kampuni ya Kilele ilichimba madini ya betri mlimani juu ya mji, na mabaki yake ya maji ikayahifadhi kwenye bwawa. Mwaka huu, kwa ukarimu, ikachimba kisima kirefu chini ya bwawa hilo ili mji mzima upate maji ya bure. Gwakisa alikitumbukiza kipimio chake kisimani mara tatu, siku tatu tofauti, na mara zote kikatoa arseniki, sumu isiyo na rangi wala harufu, mara sita ya kiwango kinachoruhusiwa. Maabara ya chuo ikapima, ikapata hivyo hivyo. Mtu hafi kwa kikombe kimoja. Anakunywa miaka, ngozi inaanza kuota magamba, halafu mengine yanafuata.

"Ofisi ya maji je?" Atuganile akauliza.

"Nimerudi leo tena. Wanasema likitoka gazetini watalifanyia kazi."

"Na watu umewaambia?"

"Nimewaambia mpaka koo limekauka. Wananiuliza, mbona haina muhuri? Mmoja kaniambia nimetumwa na wauza maji ya madumu." Akashusha pumzi. "Wameshapanga ndoo, dada. Tangu jana. Foleni inaanzia kwenye bomba mpaka kanisani, kila ndoo imeandikwa jina kwa rangi. Ya kwangu ni ya kumi na nne. Mama Tumpe kaipeleka mwenyewe, sikuwa na la kumwambia."

Mama Tumpe alikuwa mke wake. Atuganile aliwahi kula kwake viazi na maharage, na akafungiwa vingine vya kubeba.

"Mpaka saa kumi jioni, kaka," alisema. "Nitafute njia mpaka saa kumi."

Njia ya kwanza ilikuwa ile ile aliyoijaribu siku kumi na tisa. Akampigia Ombeni Lyatuu, afisa habari wa Kilele. Kabla ya kwenda Kilele, Ombeni alikaa miaka saba kwenye kiti cha jirani yake, dawati hili hili, akinywa chai kwenye kikombe ambacho bado kiko kabatini. Mizani aliijua ndani nje. Alijua kwamba haipokei neno la mtu mpaka mwenyewe atamke kuwa hiyo ni kauli yake.

"Shikamoo dada Atu."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo kabisa. Wa pili kaanza darasa la kwanza, anasumbua huyo. Hii si kauli."

"Hongera. Mama yako goti limepona?"

"Anaendelea vizuri, anakusalimia. Hii nayo si kauli."

Hakuwa mtu mbaya, Ombeni, na hilo ndilo lililomchosha Atuganile zaidi. Mtu mbaya unamtukana, unakata simu, unaendelea na kazi.

"Ombeni, cheti cha maabara nilikutumia. Nipe sentensi moja. Sema ni uongo, sema mtachunguza, sema gazeti letu la hovyo. Chochote. Kesho watu wanakunywa."

"Dada, nimekusikia. Hii si kauli."

"Wewe ungeyanywa?"

Upande wa pili wa simu kulisikika kiti kikisogezwa na mlango ukifungwa.

"Sisi huku ofisini tunaletewa ya chupa," Ombeni akasema polepole. "Tangu mwezi wa tatu. Hii si kauli, dada. Naomba sana isiwe kauli."

Atuganile akaiweka simu mezani. Hasira ilimpanda. Mwezi wa tatu. Kwa hiyo walijua kabla kisima hakijawekwa hata koki.

Saa nane mchana akaingia kwa mhariri mkuu, Mzee Kapinga, ambaye alikuwa na miezi mitano kabla ya kustaafu na kitabu cha Sheria ya Mizani kilichojaa alama za kalamu nyekundu. Akamweleza. Mzee akavua miwani, akaivaa tena.

"Kifungu cha kumi na nne," alisema. "Kauli iliyowahi kutolewa juu ya jambo lile lile, na mwenyewe hajaifuta, inahesabika. Hata kama ni ya zamani. Aliyesikika kasikika. Kuna bosi yeyote wa Kilele aliyewahi kusema lolote gazetini kuhusu lile bwawa?"

Atuganile alijua mara moja.

"Mkurugenzi wao. Siku ya uzinduzi, miaka tisa iliyopita. Katika gazeti letu."

"Vizuri sana. Nani aliandika?"

"Mimi."

Wakaitoa kwenye hifadhi, wakaisoma pamoja. KILELE YALETA NEEMA IVUMBWE, na jina lake chini ya kichwa, na picha ya utepe. Aya ya nne ndiyo waliyoitafuta. Mkurugenzi alisema: "Bwawa hili limetandikwa tabaka tatu za plastiki nzito, na halitavuja hata miaka mia." Kauli kamili, yenye idhini, haijawahi kufutwa.

"Tumewapata," akasema Mzee Kapinga, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo akacheka.

Lakini Atuganile alikuwa ameshafika aya ya tano. "Mwandishi wetu, aliyefika hadi ukingoni mwa bwawa hilo, alijionea tabaka hizo zikiwa zimetandikwa kwa ustadi mkubwa."

Sasa, ili uelewe aibu yake, lazima uijue habari ya uzinduzi ilivyokuwa ikiandikwa wakati huo. Kampuni ilituma basi. Waandishi kumi na mmoja walipanda, wakapewa fulana, kofia na karatasi za maelezo, na habari ilikuwa imeshaandikwa ndani ya karatasi hizo. Kazi ya mwandishi ilikuwa kubadilisha sentensi mbili tatu na kuweka "alijionea" mahali panapofaa. Kila mtu aliliweka neno hilo, kama vile mpishi anavyotia chumvi bila kufikiri. Siku ile mvua ilinyesha. Basi likasimama getini, hatua kama mia mbili kutoka bwawani, na dereva akatangaza kuwa anayetaka kushuka ashuke, ila viatu shauri yake. Atuganile alikuwa na viatu vipya. Alipangusa dirisha kwa kiganja, akaona ukungu na kitu cheusi mbali. Halafu mtu akasema wali unapoa, na basi likageuza.

Huenda tabaka tatu zilikuwapo. Huenda ilikuwapo moja, au hata moja haikuwapo. Yeye hakujua, na aliandika kwamba anajua.

Waliirudisha habari ya zamani kwenye Mizani saa tisa kasoro. Mtambo ukakaa kidogo ukisoma.

"Kauli ya Kampuni ya Kilele imepokelewa," ukasema. "Aliyetajwa amesikika. Habari ya Ivumbwe inaweza kutoka leo saa kumi."

Mzee Kapinga akapiga meza kwa furaha.

"Kabla haijatoka," Mizani ikaendelea, kwa upole ule ule, "mwandishi wa habari ya zamani yupo mbele yangu na lazima athibitishe, kwa kuwa itachapwa pembeni kama upande wa pili. Aya ya tano inasema mwandishi alijionea. Je, ulijionea? Jibu ndiyo au hapana. Una muda hadi saa kumi kasoro dakika tano."

Mzee akafunga mlango, akavuta kiti karibu yake. Wote wawili walikijua kifungu kinachofuata. Ukisema ndiyo, imekwisha. Ukisema hapana, umekiri kwamba uliwahi kuthibitisha usichokiona, na kitambulisho chako cha uandishi kinazimika ukurasa unapobadilika. Hakirudi tena maisha yako yote.

"Sema ndiyo," akasema Mzee Kapinga.

"Sikuiona, mzee."

"Hakuna aliyeiona. Mimi mwenyewe 'nimejionea' madaraja ambayo mpaka leo siyajui yako wapi. Sikiliza, mama. Habari inatoka kwa vyovyote vile. Sumu itaandikwa, cheti kitaonekana. Ukisema ndiyo, unabaki. Na sasa ufunguo umeupata. Hizo mia mbili na kumi na moja, nusu yake uzinduzi wake uko hifadhini. Utazitoa moja moja. Mimi Desemba sipo. Ukiondoka wewe, dawati hili watampa mtu wa matangazo, unajua hilo."

Alijua. Ndiyo maana ilimuuma, kwa sababu mzee hakuwa anamdanganya. Neno moja dogo, la kufunika uongo wa zamani ambao hata haukuwa na faida kwake, halafu miaka kumi mingine ya kufanya kazi sawasawa. Ukiweka hivi na hivi, hesabu ilikuwa upande wa mzee.

Akaomba aone ukurasa utakavyokuwa. Mizani ikauonyesha. Kushoto, habari ya Gwakisa na vipimo vyake. Kulia, mkurugenzi na miaka yake mia, na chini yake, kwa herufi nzito, kwamba mwandishi wa Ukingo alifika ukingoni akajionea. Mihuri miwili ya kijani, inalingana.

Akampigia Gwakisa.

"Kaka, nina swali, unijibu kama lilivyo. Mama Tumpe akisoma kwamba wewe umepima sumu, na pembeni akasoma kwamba mimi niliziona tabaka tatu kwa macho yangu, atachota?"

Gwakisa hakufikiri sana. "Atachota."

"Hata kama wewe ni mumewe?"

"Mimi ananijua, dada. Ananijua ninavyosahau hata funguo. Wewe anakuamini. Anasemaga yule dada ni mtu wa kuona mambo."

Atuganile akashukuru, akakata simu. Machozi yalikuwa karibu na aliyaacha yawe karibu hivyo hivyo. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa.

"Mzee," alisema, "nikisema ndiyo, habari inatoka na watu wanachota. Sasa itakuwa imetoka kwa ajili ya nini?"

Mzee Kapinga akainuka akaenda kusimama dirishani, mgongo kwake, kama mtu anayempisha mwenzake avae nguo.

"Hapana," Atuganile akaiambia Mizani. "Sikujionea."

"Nimepokea. Eleza ulichokiona."

Hilo hakulitegemea. Akaandika kwa mkupuo, bila kurudi nyuma:

"Mimi, Atuganile Mwaisumo, sikufika bwawani. Nilikuwa ndani ya basi la kampuni, getini. Kulikuwa na mvua na tope na sikutaka kuharibu viatu vyangu. Niliona dirisha. Kuhusu tabaka tatu nilisoma kwenye karatasi niliyopewa, nikaandika kwamba nimeona. Nilipewa fulana na chakula cha mchana. Hakuna mwandishi hata mmoja kati yetu aliyeshuka."

Mizani ikachora mstari mwekundu juu ya aya ya tano ya zamani na kuweka hii mpya chini yake. Saa kumi kamili, kuanzia Mbeya mpaka Ivumbwe, kurasa zikajifuta na kujiandika. Kitambulisho kifuani mwake kikatoa mlio mdogo, kikazima. Alikivua akakiweka ndani ya kikombe cha Ombeni kabatini, kwa kuwa hakuona mahali pengine.

Kesho yake asubuhi alikuwa kwake, anamenya ndizi, kazi ambayo siku za kazi hakuwa na nafasi nayo. Saa mbili na nusu simu ya kwanza ikaita.

"Dada Atu, shikamoo." Sauti ya Ombeni ilikuwa ya mtu ambaye hakulala. "Tuna kauli. Kurasa nne, na mwanasheria kaisaini. Hii ni kauli."

"Marahaba. Mpelekee Mzee Kapinga, baba. Mimi siruhusiwi tena kuipokea."

"Pole, dada," Ombeni akasema, na safari hii hakusema kama ni kauli au si kauli.

Saa nne kasoro akapiga Gwakisa. Nyuma yake kulikuwa na kelele za watu wengi.

"Hawajachota," alisema. "Mgeni rasmi kafika, kakuta watu wote wako ukutani wanasoma, kwenye bomba hakuna mtu. Naye akasoma. Kaagiza glasi, kaijaza, kampa mkurugenzi kwanza. Mkurugenzi kasema leo kafunga. Dada, nusu saa kabla nilimwona na sambusa mkononi. Basi bomba limefungwa, ofisi ya maji wameweka kufuli yao. Watu wanachukua ndoo zao, wanarudi mtoni."

Atuganile akakaa kwenye kigoda.

"Na Mama Tumpe?"

"Huyu hapa, kaishika ndoo yake. Kasoma ile aya yako mara mbili. Hajakasirika sana, ila ana swali, na kanishikilia nikuulize."

"Muache aulize."

Gwakisa akasikika akiongea pembeni na mwanamke, kisha akarudi.

"Anauliza, siku ile ya basi, hilo tope lilikuwa la kufika wapi?"

Atuganile akaangalia miguu yake pale chini, kando ya maganda ya ndizi. Alilikumbuka vizuri. Alimwona dereva akishuka kufungua geti na kurudi.

"Mwambie lilikuwa la kifundoni," alisema.